Mchanganyiko si Mmenyuko

Mwalimu wa lugha ana desturi moja isiyo njema: hudhani kwamba neno likishapatikana, kazi imekwisha. Sisi tuliishi na desturi hiyo kwa miaka mingi, na huenda tungalikuwa nayo hadi leo lau shule za Rwanda zisingalifungwa mwezi wa Machi 2020 kwa sababu ya maradhi ya korona. Makala haya yanasimulia kosa tulilolifanya miezi ile nyumbani kwetu Nyakiriba, na namna watoto walivyotusahihisha. Tumeyaandika kwa ajili ya walimu wenzetu wa Kiswahili, hasa wale wafundishao mahali ambapo Kiswahili si lugha ya mama ya mwanafunzi.

Kwa msomaji asiyeyajua maeneo yetu, Nyakiriba ni sekta mojawapo ya Wilaya ya Rubavu, katika Mkoa wa Magharibi wa Rwanda. Ni nchi ya vilima, viazi na maharage. Chini yetu upo mji wa Gisenyi, ukingoni mwa Ziwa Kivu, na mji huo umegusana na Goma ya Kongo hata mgeni hatambui kwa urahisi ulipoishia mmoja na ulipoanzia mwingine. Kwa hiyo Kiswahili hapa si mgeni. Huvuka mpaka asubuhi pamoja na vikapu vya mboga na hurudi jioni pamoja na vitenge. Hata hivyo, nyumbani mtoto husema Kinyarwanda. Vitabu vyake vya sayansi, tangu uamuzi wa serikali wa mwaka 2008, vimeandikwa kwa Kiingereza. Na Kiswahili, ambacho sheria ilikifanya lugha rasmi ya nchi mwaka 2017, hukisoma kama somo. Mtoto wa namna hiyo hubeba lugha tatu kichwani kama mama abebavyo mzigo, na si kila siku mzigo huo hukaa sawa.

Shule zilipofungwa, nyumba yetu ilikuwa na watoto wanne: wawili wetu wa kuwazaa na wapwa zetu wawili waliokuwa wamekuja kututembelea wakakwama. Mwezi wa Juni, watu wa mikoa mingine waliporuhusiwa kusafiri tena, Rubavu na Rusizi tulibaki tumefungiwa. Masomo yalitangazwa redioni na katika televisheni. Televisheni hatukuwa nayo. Redio tulikuwa nayo moja, nayo ilitaka betri. Tukaamua kufungua shule uani, chini ya mparachichi, kwa ubao mmoja mweusi tuliokuwa tumeuhifadhi stoo.

Mwanafunzi wa tano hatukumwandikisha. Alikuwa binti wa jirani, wa mwaka wa tatu wa sekondari, ambaye alikuwa akikabiliwa na mtihani wa taifa. Kwa kuwa watu walikatazwa kukusanyika, aliketi upande wao wa ua wa miti, juu ya ndoo iliyopinduliwa, akasikiliza masomo kupitia matawini. Baba yake, mtu mwema na mkulima hodari, alikuwa ameshatamka kwamba shule ikichelewa sana shamba halitamngoja mtu. Binti alijua maana ya maneno hayo. Kila alipoketi juu ya ndoo ile alikuwa akiukopa muda wa jembe.

Sisi ni mwalimu wa Kiswahili mwenye stashahada ya ualimu. Kemia tuliiacha sekondari, nayo ilituacha. Lakini siku moja redio ilieleza kwa Kiingereza habari ya vitu viwili kukutana na kuzaa kitu kipya, kisha sauti ikakatika kwa uchovu wa betri. Watoto wakatugeukia. Mpwa wetu mkubwa akauliza neno lile la Kiingereza maana yake nini. Hatukusita hata kidogo. Tukajibu kwa sauti ya darasani: "Ni mchanganyiko wa kikemia." Tukaliandika ubaoni, tukalipigia mstari, tukawapa zoezi: kila mmoja alete mifano mitatu ya mchanganyiko wa kikemia kutoka jikoni kwa mama.

Majibu yalikuja upesi kuliko zoezi lolote tulilowahi kulitoa. Chumvi na maji. Sukari na chai. Maharage na mahindi. Tukayatia yote alama ya vema kwa wino mwekundu, tukawasifu. Ndipo sauti ikatoka nyuma ya ua: "Samahani, Mwalimu. Kama chumvi imekwisha kuwa kitu kipya, mbona tukiyaonja maji tunaipata ileile chumvi?"

Walimu wenzetu watakijua kimya kilichofuata. Tulisema kwamba swali ni zuri na tutalijibu kesho, maneno ambayo kila mwalimu huyasema anapokuwa hana jibu.

Usiku ule tulikiazima kitabu cha kemia cha mpwa wetu tukakisoma kwa taa, polepole, kamusi ikiwa magotini. Tukaona kosa letu, nalo halikuwa dogo. Katika mchanganyiko, vitu hukaa pamoja lakini kila kimoja hubaki na asili yake: chumvi ni chumvi, maji ni maji, na kwa ufundi mdogo waweza kuvitenganisha. Katika jambo lile jingine, vitu huvunjika ndani kwa ndani, chembe zake huachana na kushikana upya, na kinachopatikana kina sifa nyingine kabisa. Kiswahili kina neno la jambo hilo. Kamusi zinaliita mmenyuko, na vitenzi vyake ni kumenyuka na kumenyusha. Neno lilikuwapo siku zote. Mwaka 1990 iliyokuwa Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ilikwisha kutoa kamusi nzima ya istilahi za biolojia, fizikia na kemia. Aliyekosekana ni mwalimu wa kulitafuta.

Tulipata uchungu kidogo. Lau tungalikosea ngeli, mtoto angalisema sentensi yenye dosari, na watu wangalimwelewa. Lakini hapa tulikuwa tumekosea neno, na watoto watano wakawa wameamini jambo la uongo kuhusu dunia, nasi tumelitia sahihi kwa wino mwekundu. Mmoja wao alikuwa na mtihani mbele yake.

Asubuhi tulifuta alama zote za vema. Tukawaambia kwamba waliokosea si wao. Tukaandika neno jipya. Mtoto wetu mdogo akacheka, kwa sababu katika Kinyarwanda kumenya ni kujua, na katika Kiswahili alikuwa amejifunza jikoni kwamba kumenya ni kuondoa ganda la kiazi. "Basi huu mmenyuko," akasema, "ni kumenya viazi au kujua?" Tukamwambia tutauona kwanza, kisha ataamua mwenyewe.

Kuanzia hapo tuliweka sheria moja: neno halitaandikwa ubaoni kabla kitu chenyewe hakijaonekana. Tukaanza na chumvi. Tuliyachemsha maji ya chumvi katika sufuria hadi yakaisha, na pembeni mwa sufuria ukabaki unga mweupe. Kila mtoto akaonja: chumvi. Kisha tukaweka sukari katika kijiko kikuukuu juu ya makaa. Ikayeyuka, ikawa ya rangi ya asali, ikatoa moshi, ikabaki kitu cheusi kama mkaa. Tukakiacha kipoe, tukakitia maji, tukakoroga. Sukari haikurudi. Nyuma ya ua binti wa jirani akasema taratibu, kama mtu anayejisemea: "Hii ndiyo iliyomenyuka."

Tukaziandika dalili walizoziona wao wenyewe: rangi kubadilika, hewa kutoka, joto kuzaliwa au kupotea, kitu kigumu kutokea ndani ya maji maangavu. Wakataka kuongeza sheria kwamba kilichomenyuka hakirudi kamwe. Hapo palitulazimu kuwazuia, na mfano tuliutoa shambani. Katika sehemu nyingi za Rwanda wakulima hutia chokaa, ishwagara kwa Kinyarwanda, katika udongo wenye asidi nyingi ili kuipunguza asidi hiyo. Chokaa hupatikana kwa kuchoma mawe ya chokaa kwa moto mkali: jiwe hutoa hewa ya kabonidayoksaidi, ikabaki chokaa hai. Ukiitia maji huchemka kwa joto lake yenyewe. Ukiipaka ukutani, pole kwa pole huivuta kabonidayoksaidi kutoka hewani na kuwa tena kitu kilekile kilichokuwa jiwe. Imeondoka, imerudi, na safari zote mbili ni mimenyuko. Kwa hiyo kutorudi ni dalili nzuri ya kuanzia, lakini si kanuni.

Jaribio lililotuchukua muda mrefu zaidi lilikuwa la misumari. Tulichukua chupa tatu. Ya kwanza tuliitia msumari na mchele uliokaushwa vizuri juani, tukaifunga. Ya pili tuliitia msumari na maji yaliyochemshwa ili hewa iliyomo itoke, tukamimina mafuta ya kupikia juu yake ili hewa nyingine isiingie. Ya tatu tuliitia msumari na maji ya kawaida, tukaiacha wazi. Watoto walizitazama kila siku kama watazamavyo mayai ya kuku aliyelalia. Baada ya wiki moja msumari wa chupa ya tatu ulikuwa umevaa kutu, umugese. Ile mingine miwili ilikuwa karibu kama ilivyonunuliwa. Hatukuwaambia jambo. Wao wenyewe walisema kwamba maji peke yake hayatoshi, na hewa peke yake haitoshi. Ndipo tukaandika: chuma, oksijeni na maji humenyuka, kutu hupatikana. Sentensi ile ilikuwa fupi, lakini ilikuwa yao.

Katika vilima vyetu hakuna asiyejua kutengeneza ikigage, pombe ya mtama. Mama hulowesha mtama, huuotesha, huukausha na kuusaga, kisha huupika na kuutia umusemburo, yaani chachu. Tuliwaeleza watoto kwamba chachu ni viumbe hai vidogo mno, na kwamba sukari iliyotoka katika wanga wa mtama hugeuzwa navyo kuwa alkoholi na kabonidayoksaidi. Mapovu wanayoyaona mtungini ni hewa hiyo. Tukawapa hesabu: gramu 180 za sukari iitwayo glukosi, zikichachuka zote, hutoa gramu 92 za alkoholi na gramu 88 za kabonidayoksaidi. Jumlisha: ni 180 zilezile. Hakuna kilichopotea, kimebadilisha nyumba.

Jambo hili aliliandika Mfaransa Lavoisier katika kitabu chake cha misingi ya kemia cha mwaka 1789, tena kwa kuutumia mfano wa uchachukaji. Sisi walimu wa lugha tuna sababu ya pekee ya kumkumbuka mtu huyo. Mwaka 1787 yeye pamoja na Guyton de Morveau, Berthollet na Fourcroy walikuwa wameyapanga upya majina ya kemia, kwa maana zamani kitu kimoja kiliweza kuitwa kwa majina mengi, na majina yenyewe hayakueleza kitu kimeundwa na nini. Katika dibaji ya kitabu cha 1789 anakiri kwamba alikusudia kushughulikia majina tu, akajikuta ameandika kitabu cha kemia yenyewe, kwa kuwa lugha na sayansi haziwezi kutengenezwa mbalimbali. Tuliposoma habari hiyo tulifarijika. Kumbe njia tuliyoipita uani kwa aibu, wakubwa walikwisha kuipita.

Kusawazisha milinganyo kulikuwa kugumu kwa wadogo hadi mama yao alipotukopesha nafaka. Harage likawa atomu ya kaboni, punje ya mahindi ikawa oksijeni, mtama ukawa haidrojeni. Tukachukua methani, ile hewa iliyomo katika vina vya Ziwa Kivu, ambayo huko Karongi huchomwa kuzalisha umeme tangu 2016. Molekuli moja ya methani: harage moja na mitama minne. Oksijeni: mahindi mawili mawili. Watoto wakazisogeza punje juu ya mkeka hadi wakagundua kwamba wanahitaji jozi mbili za mahindi, na kwamba kinachotoka ni kabonidayoksaidi moja na maji mawili. Mtoto akificha punje moja, hesabu hukataa. Maharage na mahindi, yaliyotutia aibu siku ya kwanza, yakawa walimu wetu wasaidizi.

Somo ambalo hatutalisahau lilikuwa la mshumaa. Tulitia siki juu ya unga wa soda wa kuumulia maandazi ndani ya jagi. Ukachemka mapovu bila moto. Jagi lilipotulia lilionekana tupu, isipokuwa maji kidogo chini. Tuliliinamisha juu ya mshumaa uliowaka, kwa uangalifu ili maji yasimwagike, na moto ukazimika kana kwamba umemwagiwa kitu. Wadogo walipiga kelele. Tukaeleza kwamba kabonidayoksaidi haionekani, nayo ni nzito kuliko hewa ya kawaida kwa kadiri ya mara moja na nusu. Ndiyo sababu humiminika kama maji.

Binti wa jirani hakupiga kelele. Alisimama, akaushika ua kwa mikono miwili, akauliza: "Mwalimu, hiyo siyo mazuku?"

Ilikuwa yenyewe. Wasemao Kiswahili wa Goma na vijiji vya jirani, chini ya milima ya Nyiragongo na Nyamulagira, wamelijua tangu zamani jambo hili: katika mabonde na mashimo kadhaa hutoka ardhini hewa isiyoonekana, ikakaa chini kama dimbwi, hasa usiku na alfajiri wakati upepo umetulia. Mbuzi huingia asitoke. Mtoto mfupi huweza kuanguka mahali ambapo mtu mzima amesimama wima. Wameiita mazuku, na wataalamu wa volkano duniani, badala ya kubuni neno lao, wamelichukua hilohilo la Kiswahili na kuliandika katika vitabu vyao. Sehemu kubwa ya hewa hiyo ni kabonidayoksaidi. Binti alikuwa na shangazi upande wa pili wa mpaka, naye alilisikia neno hilo tangu utoto kama habari ya pepo wabaya. Siku ile alikiona kitu kile ndani ya jagi letu la maji. Aliuliza maswali hadi jua likazama: kwa nini chini, kwa nini usiku, mtu afanye nini. Tulimjibu tuliyoyajua: asiingie shimoni kumfuata aliyeanguka, na mtoto asilale chini mahali pa namna hiyo.

Kwa kuwa tumetaja majaribio, ni wajibu wetu kuwaonya wenzetu. Miezi ile kila nyumba ilikuwa na dawa ya klorini ya kusafishia. Dawa hiyo isichanganywe kamwe na siki, ndimu wala asidi nyingine yoyote, kwani hutoa hewa ya sumu iumizayo mapafu. Majaribio yafanyike uani, mtu mzima awepo, na mtoto asionje kitu ila kile mwalimu alichokwisha kukionja mwenyewe.

Tarehe 2 Novemba 2020 shule zilianza kufunguliwa kwa awamu, na wanafunzi wa mwaka wa tatu walikuwa miongoni mwa wa kwanza kurudi. Asubuhi ile binti alipita mlangoni kwetu akiwa amevaa sare iliyokuwa imeanza kumbana. Baba yake alikuwa pamoja naye, amembebea mkoba. Tulimwuliza mzee iwapo shamba limekubali kungoja. Akasema shamba limeambiwa linyamaze. Kisha akatuuliza kama ni kweli kwamba chokaa anayoinunua ni jiwe lililotolewa pumzi, kwa maana binti alikuwa amemweleza hivyo. Tukamjibu kwamba ni kweli, na kwamba hatujapata kusikia ikielezwa vizuri zaidi. Mtihani wao ulifanyika Julai 2021. Alifaulu, akaendelea na masomo ya sayansi.

Walimu wenzetu, wapo wanaosema kwamba Kiswahili hakifai kwa sayansi, na wapo wanaojibu kwa kuorodhesha istilahi. Sisi tumewahi kuwa katika kundi la pili, na orodha yetu ilianza kwa neno lisilo sahihi. Kilichotusaidia uani hakikuwa wingi wa maneno. Kilikuwa ugumu wenyewe wa kusema katika lugha ya tatu: mtoto hakuweza kukariri sentensi ya kitabu, wala sisi hatukuweza, ikatubidi sote kutazama sufuria. Wahenga walisema kupotea njia ndiyo kujua njia, lakini anayepotea akiwa anawaongoza watoto hana budi kusimama na kukiri mbele yao.

Chupa tatu za misumari tunazo mpaka leo, juu ya kabati la darasa letu la Kiswahili. Wanafunzi wapya huuliza zinafanya nini katika somo la lugha. Huwa hatuwajibu siku hiyo. Huwapa kwanza maji na chumvi.